Saini ya Picha au Alama Yake? Uhakiki wa Istilahi za Uchunguzi wa Picha za Kale

Makala hii inakusudia kuhakiki istilahi za fani moja ambayo haijaandikwa sana katika Kiswahili, nayo ni uchunguzi wa kisayansi wa vitu vilivyotumika kutengenezea picha za kale. Kitabu kitakachotuongoza ni The Atlas of Analytical Signatures of Photographic Processes, kilichoandikwa na Dusan Stulik na Art Kaplan, na kutolewa mwaka 2013 na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty iliyoko Los Angeles, Marekani. Kwa hakika si kitabu kimoja bali ni mfululizo wa vijitabu, na kila kijitabu kinashughulikia namna moja ya kutengeneza picha: historia yake kwa ufupi, hatua za kazi, kisha yale yanayoonekana kwa jicho, kwa hadubini na kwa mitambo ya maabara. Hutolewa bure kwa yeyote atakaye kukisoma, na kwa sababu hiyo hapana shaka kwamba siku moja mtunza nyaraka au mwalimu wa kemia atamwendea mtafsiri na kumwomba ampatie sehemu yake kwa Kiswahili. Ni vema basi tuyatazame mapema mambo yatakayomkwaza mtafsiri huyo.

Kikwazo cha kwanza kimo katika jina lenyewe. Mtafsiri mwenye haraka ataandika “Atlasi ya Saini za Kiuchambuzi”, akapita. Atlasi, kwa mwanafunzi, ni kitabu cha ramani. Kwa mshonaji ni kitambaa laini kinachong'aa. Hilo ni dogo, na msomaji atalistahimili. Lakini saini ni kosa lenye madhara. Saini ni jina la mtu lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na picha nyingi za kale zina saini za namna hiyo, yaani jina la mpiga picha lililoandikwa pembeni au kugongwa muhuri nyuma ya kadi. Mtunza nyaraka akiambiwa atafute saini ya picha, ataigeuza nyuma kuangalia jina. Waandishi wa kitabu wanakusudia jambo jingine kabisa: mkusanyiko wa dalili zilizomo katika vitu vilivyounda picha, ambazo zikionekana pamoja zinaitenga namna hiyo ya picha na nyingine zote. Kwa dhana hiyo ninapendekeza alama bainifu. Ni maneno mawili badala ya moja, lakini hayampeleki mtu upande wa nyuma wa kadi.

Baada ya jina la kitabu yanafuata majina ya picha zenyewe, na hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wangu. Majina ya Kiingereza ya picha za kale hayakutungwa na mtu mmoja wala kwa kanuni moja. Kila mvumbuzi au mfanyabiashara wa karne ya 19 aliita bidhaa yake kama alivyopenda. Namna iliyotangazwa Paris mwezi Agosti 1839 ilichukua jina la mtu, Daguerre. Namna ya John Herschel ya mwaka 1842 ilichukua jina la rangi yake ya buluu. Ile iliyobuniwa na William Willis na kupewa hataza mwaka 1873 iliitwa kwa metali inayofanya taswira, yaani platini. Ile ya Blanquart-Evrard ya mwaka 1850 iliitwa kwa ute wa yai uliopakwa juu ya karatasi, ingawa taswira yenyewe ni ya fedha. Na ile ya Talbot, ambayo ndiyo mama wa picha za karatasi, iliitwa kwa chumvi.

Hebu tuitafakari hiyo ya chumvi, kwani inafundisha. Karatasi ilichovywa katika maji ya chumvi ya kawaida, kisha ikapakwa nitrati ya fedha. Vitu hivyo viwili vikikutana hufanya kloridi ya fedha, ambayo hugeuka rangi ikipigwa na jua. Baadaye kloridi iliyobaki iliyeyushwa na kuoshwa ili picha isiendelee kuwa nyeusi. Kwa hiyo picha iliyotengenezwa vizuri haina chumvi. Mpimaji akiipima leo atakuta fedha, na huenda dhahabu iliyotiwa kuboresha rangi, lakini klorini ya kumwonyesha chumvi ni nadra kuipata. Sasa tukiandika “picha ya chumvi” katika orodha ya makumbusho, tumempa msomaji jina la kitu kilichokwisha kuondoka zaidi ya miaka 150 iliyopita. Mwanafunzi atauliza chumvi iko wapi, na mwalimu hatakuwa na jibu.

(Dawa iliyotumika kuiyeyusha kloridi hiyo ina jina fupi la mafundi wa Kiingereza ambalo, tukiliandika kwa sauti za Kiswahili, litasomeka “haipo”. Mwalimu atamtuma mwanafunzi akaulize kama dawa ipo stoo, na ajibiwe kwamba ni haipo. Bora tuseme thiosalfeti.)

Picha ya ute wa yai nayo ina mtego wake. Jina la Kiingereza likiachwa kama lilivyo na kuongezewa irabu, tutapata albumeni, neno ambalo masikioni mwa watu wengi halitatofautiana na albamu. Picha ya albumeni itakuwa picha ya albamu, na kwa bahati mbaya picha nyingi za namna hiyo zimo kweli ndani ya albamu, hata kosa lisigundulike upesi. Hakuna sababu ya kuhangaika hivyo. Ute wa yai ni maneno ya jikoni ambayo kila mtu anayo, nayo ni sahihi kisayansi. Tena yanamwezesha msomaji kukielewa kiwango cha kazi yenyewe: kiwanda kikubwa cha karatasi hizo mjini Dresden, Ujerumani, kilitumia zaidi ya mayai milioni sita katika mwaka mmoja wa 1888. Ukisema albumeni, habari hiyo haina ladha. Ukisema ute wa yai, msomaji anawaona kuku.

Mfano wa tatu ni picha ambayo Joseph Swan aliipatia hataza mwaka 1864, ambamo masizi au rangi nyingine ya unga huchanganywa na jelatini na kugandishwa kwa mwanga kwa msaada wa chumvi za kromi. Waingereza huiita kwa kaboni. Mtumishi wa serikali aliyefanya kazi na mashine za chapa akisoma “nakala ya kaboni” atafikiri juu ya ile karatasi nyeusi iliyowekwa kati ya karatasi mbili, na atakuwa na haki. Zaidi ya hayo, chombo kinachotumika zaidi katika kitabu hiki hakiwezi kuiona kaboni hata kidogo, kwa kuwa ni elementi nyepesi mno kwake. Kinachokiona ni mabaki ya kromi. Basi hapa jina linataja kitu ambacho kipimo hakikioni, na kipimo kinaona kitu ambacho jina halikitaji.

Ninavyoona mimi, mtafsiri asijifunge kuyafasiri majina haya. Avifasiri vitu. Kila picha ya kale inaweza kuelezwa kwa sehemu tatu. Kwanza kuna kile kinachofanya taswira ionekane, kiwe fedha, platini, masizi au buluu ya chuma; ninapendekeza kiitwe kisawiri, kutokana na kusawiri. Pili kuna kile kinachokishikilia kisawiri mahali pake, kama vile ute wa yai, jelatini au kolodioni, kiitwe kishikizi. Neno kiunganishi lingefaa pia, ila wanasarufi wamekwisha kulichukua, na gundi linaashiria kubandika. Tatu kuna kile kinachobeba vyote, yaani karatasi, kioo au bamba la metali, kiitwe kibebeo. Kwa maneno hayo matatu picha ya Talbot ina kisawiri cha fedha, haina kishikizi, na kibebeo chake ni karatasi. Picha ya Daguerre ina kisawiri cha fedha na zebaki, haina kishikizi, na kibebeo chake ni shaba iliyofunikwa fedha. Picha ya Willis inafanana na ya Talbot kwa kila kitu isipokuwa kisawiri. Uhusiano huo Waingereza wenyewe hawauoni katika majina yao. Kiswahili kinaweza kuuonyesha tangu mwanzo, kwa sababu hakikurithi mzigo ule.

Huenda baadhi ya wasomaji wakapinga kwamba istilahi za namna hii zitamtenga Mswahili na wenzake wa nchi nyingine. Pingamizi hilo lina nguvu katika majina ya elementi, ambako sina nia ya kubadili kitu. Halina nguvu katika majina ya biashara ya karne ya 19. Jina la Kiingereza linaweza kuwekwa katika faharasa ili lisipotee. Si lazima liwe ndilo linalofundisha.

Nimetaja fedha mara nyingi, na msomaji amenielewa kwa sababu muktadha ulikuwa wazi. Lakini katika hati za ofisi muktadha haupo kila mara. “Picha za fedha zihesabiwe upya” ni sentensi ambayo mhasibu anaweza kuipokea kwa namna yake. Wako wanaotaka tuchukue neno la Kiingereza ili kuepuka utata huu. Sikubaliani nao: fedha kwa maana ya metali ni neno la zamani, na masonara wanalitumia kila siku. Yatosha kuandika madini ya fedha linapotajwa mara ya kwanza. Hivyo hivyo kwa risasi na bati. Picha ya kamera iliyo ya kale zaidi kati ya zilizobaki duniani, ile ya Nicéphore Niépce ya mwaka 1826 au 1827, ambayo imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na ilipimwa na wataalamu wa Getty mwaka 2002, imetengenezwa kwa lami juu ya bamba la bati lililochanganywa na risasi. Nakiri kwamba sentensi hiyo inamletea mtu mawazo ya paa lililotobolewa kwa bunduki, lakini ni sentensi sahihi, na lugha yenye maneno yenye maana mbili haipaswi kuyaonea haya.

Neno ambalo haliwezi kuachwa hivyo hivyo ni kusafisha. Studioni, kusafisha picha ni kuitoa katika filamu kwa dawa hata ionekane. Watu wamesema hivyo kwa miaka mingi. Kwa mhifadhi, kusafisha ni kuondoa vumbi na uchafu juu ya picha iliyokwisha kutengenezwa. Maana hizi mbili zinapokutana katika maagizo, picha inaweza kuharibika isirudi tena. Chukua agizo kama “picha zote zisafishwe kabla ya kupangwa kabatini”. Anayelisoma kwa maana ya studio atatafuta dawa na maji. Sasa, picha yenye kishikizi cha jelatini ikiloweshwa huvimba na kunata. Picha yenye kishikizi cha kolodioni hustahimili maji kidogo, lakini ikifutwa kwa spiriti, kishikizi chenyewe huyeyuka na taswira huondoka na kitambaa. Picha ya buluu ya chuma haipatani na alikali. Hata bahasha ya karatasi iliyotiwa chokaa, ambayo kwa picha nyingi ni kinga nzuri, kwake ni sumu ya kuifubaza polepole. Kwa hiyo ninashauri kusafisha libaki la studio, kwa kuwa ndiko lilikozoeleka, na wahifadhi watumie kupangusa kwa kazi ya brashi kavu, na kuosha pale tu maji yanapohusika kweli.

Tukija kwenye mitambo, matatizo yanakuwa ya aina nyingine. Chombo kikuu cha kitabu hiki huelekeza miale ya eksirei kwenye picha. Atomu zilizopigwa na miale hiyo hutoa miale yao wenyewe, na kila elementi ina nguvu zake maalumu za miale, hata mpimaji akaweza kusema hii ni fedha, hii ni dhahabu, hii ni bariamu, bila kukata hata unyuzi mmoja wa karatasi. Tukiita kazi hiyo “kupiga picha eksirei”, tumeharibu kila kitu: msomaji ataona mgonjwa amelala hospitalini na picha ya mbavu zake. Mwakisiko pia haufai, kwa sababu kioo huakisi mwanga ule ule uliokipiga, ilhali hapa kinachorudi ni kitu kipya. Napendekeza kipimo cha mng'ao wa elementi. Chombo cha pili hupitisha miale ya infraredi na kuangalia ni ipi iliyofyonzwa. Hicho kiitwe kipimo cha ufyonzaji wa infraredi. Hiki ndicho kinachotambua vishikizi. Kolodioni hukitambulisha upesi. Ute wa yai na jelatini vinakisumbua zaidi, kwa kuwa vyote ni protini na alama zao zinakaribiana, na hapo mpimaji hulazimika kurudi kwenye hadubini na jicho lake.

Liko jambo ambalo mtafsiri asilipuuze hata kidogo, nalo ni kihusishi. Eksirei hupenya karatasi nyembamba na kufika kwenye kadi ambayo picha imebandikwa. Matokeo ya kipimo basi ni ya picha pamoja na kadi. Ukiandika kwamba kalisi imepatikana “katika picha”, umesema zaidi ya alivyosema mpimaji; labda kalisi hiyo ni ya kadi. Hapana budi kuandika “mahali palipopimwa”.

Kwamba mambo haya si ya maneno matupu, kisa cha picha za Lewis Hine kinaonyesha. Hine, aliyepiga picha za watoto wafanyakazi na za mafundi wa majengo marefu ya New York, alifariki mwaka 1940. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanunuzi walianza kutilia shaka picha kadhaa zilizouzwa kwa bei kubwa kama zilizotolewa na Hine mwenyewe. Mhifadhi Paul Messier alizichunguza, na karatasi za baadhi yake zikang'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno. Mng'ao huo hutokana na kemikali kama zile zitiwazo katika sabuni ya unga ili shati jeupe lizidi kuonekana jeupe, na viwanda vilianza kuzitia katika karatasi za picha katika miaka ya 1950. Mtu aliyekufa mwaka 1940 hakuweza kuzitumia. Kwa kemikali hiyo napendekeza king'arishi. Lakini mtafsiri wa habari hii ana jukumu jingine: aeleze kwamba picha ilikuwa ya Hine, na nakala haikuwa yake. Neno letu picha hubeba yote mawili, tendo la kamera na karatasi iliyomo mkononi, na kesi nzima ilisimama juu ya tofauti hiyo. Akisema tu kwamba “picha zilikuwa za bandia”, amemsingizia marehemu.

Huku kwetu, studio za Zanzibar za Wagoa kama A. C. Gomes, Coutinho na Pereira de Lord zilitoa picha nyingi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Baadhi zimo leo katika mkusanyo wa Winterton, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Ni kipindi hicho hasa ambapo karatasi za ute wa yai, za kolodioni na za jelatini ziliuzwa kwa wakati mmoja, hivyo kwamba tarehe pekee haimwambii mhifadhi ameshika nini. Orodha za picha kwa kawaida huuliza nani alipiga, wapi, na ni nani anayeonekana. Ikitungwa orodha ya Kiswahili, nafasi tatu za kisawiri, kishikizi na kibebeo ziwekwe tangu mwanzo, hata kama kwa miaka mingi zitajazwa “haijapimwa”.

Limebaki suala la filamu, ambalo vijitabu vya Getty havikulishughulikia sana lakini ambalo katika ghala la nyaraka ndilo la hatari kuliko yote. Filamu za mwanzo zilikuwa na kibebeo cha nitrati ya selulosi, kitu kinachoshika moto kwa urahisi na kuendelea kuwaka hata chini ya maji, kwani hujitolea oksijeni yake chenyewe. Zilizofuata zilikuwa za asetati, ambazo haziwaki hivyo bali huoza na kunuka siki. Tukiandika “filamu ya nitrati”, mwenye elimu ya kemia atafikiri tunasema juu ya nitrati ya fedha, ambayo imo katika utengenezaji wa karibu picha zote, na mkulima atafikiri juu ya mbolea. Tukiandika “filamu ya usalama” kwa hizo za asetati, tafsiri ya neno kwa neno itampeleka msomaji kwenye filamu za polisi. Makopo ya aina ya kwanza yaandikwe Filamu ya Selulosi-Nitrati: Hushika Moto, na ya aina ya pili Filamu ya Selulosi-Asetati, nayo yawekwe chumba kingine.